Kuunganisha TV na Deki, Flashi au Simu kwa Masomo ya Kikundi

Somo la leo si la mbolea wala la mbegu. Ni la kuunganisha TV. Najua wengine mtasema bwana shamba ameishiwa mada, lakini soma mpaka kwenye sehemu ya rangi ya picha, utaona linahusu mfuko wako moja kwa moja.

Vikundi vingi sasa vina TV. Wengine wamechanga, wengine wanatumia ya nyumbani kwa mwenyekiti. Video za kilimo za Kiswahili nazo zipo. Access Agriculture wana video za Kiswahili unazoweza kupakua bure, na kuna vipindi kama Shamba Shape Up kilichoanza Kenya mwaka 2012. Pamoja na hayo bado nakuta vijana 12 wamezunguka simu moja. Wa mbele anaona, wa nyuma anasikia tu. Kwenye kupogoa zabibu hiyo haifai kabisa. Unatakiwa uone mkasi umepita wapi, juu ya jicho la pili au la tatu, na mkato umeinamia upande gani. Kwenye simu ya inchi 6 jicho la zabibu ni kama punje ya mtama.

ANZA NYUMA YA TV

Kabla hujanunua waya wowote, geuza TV uangalie matundu yake, au ipige picha mgongoni na uende na hiyo picha dukani. Watu wengi wananunua waya kwanza halafu ndo wanatafuta pa kuuchomeka.

Kama TV yako ni ya chogo, karibu kila mara utakuta tundu la antena na matundu ya AV, yaani yale ya rangi. Njano ni picha. Nyeupe ni sauti ya kushoto na nyekundu ni sauti ya kulia. Nyingine zina njano na nyeupe tu, usihangaike, sauti itatoka. TV bapa zina HDMI, tundu pana lenye pembe za chini zilizokatwa, na USB ya kuchomeka flashi. Nyingine zina VGA, ile ya bluu yenye matundu 15 madogo na skrubu mbili pembeni.

Hapa niseme kitu kuhusu TV za chogo, maana kuna watu wanazitupa. Mitambo ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 na Dodoma mapema mwaka 2013, TV nyingi zilibaki na chenga na watu wakaamini zimekufa. Hazikufa. Zilikosa king'amuzi tu. Kwa kazi ya video hata king'amuzi hakihitajiki, kwa sababu picha inatoka kwenye deki yako, si kwenye mnara. TV ya chogo ya inchi 21 yenye picha safi inatosha watu 8 au 10 kujifunza. Usiingie mkopo kununua TV mpya kabla hujaijaribu ya zamani.

DEKI NA WAYA WA RANGI TATU

Zima vyote viwili, chomoa kwenye umeme, kisha unganisha. Kwenye deki tafuta palipoandikwa OUT. Kwenye TV tafuta palipoandikwa IN. Hilo ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote: mtu amechomeka OUT kwa OUT, rangi zimelingana vizuri kabisa, na hakuna kinachotokea. Ni sawa na kuunganisha mabomba mawili yote yanatoa maji na kusubiri tenki lijae.

Ukimaliza, washa TV kwanza, halafu deki, halafu chukua rimoti ya TV ubonyeze SOURCE au INPUT. Kwenye rimoti za zamani kitufe kinaandikwa AV au TV/AV. Chagua AV. Maneno "No Signal" kwenye skrini mara nyingi hayamaanishi TV ni mbovu. Yanamaanisha TV inaangalia mlango mmoja na mgeni amesimama kwenye mwingine.

Dalili zinazoletwa kwangu mara kwa mara ni hizi.

Picha hakuna, na spika inatoa muungurumo mkali kama wa mashine ya kusaga: waya wa picha umeingia kwenye tundu la sauti. Rudisha njano kwa njano.

Picha ipo lakini nyeusi na nyeupe: kuna sababu mbili. Ya kwanza, kwenye TV bapa nyingi tundu la njano limeunganishwa na la kijani, sehemu moja kwa matumizi mawili. Ukichagua "Component" badala ya "AV" kwenye SOURCE, rangi inapotea. Ya pili ni mfumo. Tanzania tunatumia PAL. Deki iliyowekwa NTSC kwenye TV ya zamani inaweza kutoa picha isiyo na rangi, au inayopanda na kushuka bila kutulia. Ingia kwenye mipangilio ya deki, tafuta "TV System", weka PAL. Kama kuna "Auto" au "Multi", hiyo pia inafaa.

Kuna TV mpya nyembamba ambazo hazina matundu matatu ya AV. Zina kitundu kimoja kama cha earphone, na unahitaji waya wenye pini moja upande huu na rangi tatu upande ule. Angalizo: pini hizo hazifanani zote. Mpangilio wa ndani unatofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo waya wa jirani unaweza kuingia vizuri na bado ukakupa picha bila sauti, au sauti bila picha. Kabla hujasema tundu limekufa, jaribu kubadilishana rangi upande wa deki. Mara nyingi picha utaikuta kwenye waya mwekundu.

Ukikwama kabisa, mtafute kijana anayeendesha kibanda umiza. Wale wanaunganisha na kuchomoa kila siku kabla ya mechi, wanazijua nyaya kuliko watu wengi wanaojiita mafundi.

FLASHI NDIYO NJIA YA RAHISI

Kama TV yako bapa ina USB, deki huihitaji. Pakua video kwenye simu au laptopu, hamishia kwenye flashi, chomeka, chagua USB kwenye SOURCE, kisha fungua sehemu ya video. Kwa kikundi ndiyo njia ninayoipendekeza, kwa sababu haili bando wakati wa kuangalia na haikatiki katikati ya somo.

Lakini flashi ina mambo yake. Kwanza, kwenye baadhi ya TV bapa za mwanzo tundu la USB limeandikwa "Service". Hilo ni la fundi wa kampuni, halichezi video. Pili, TV nyingi zinapenda flashi ya mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalozidi GB 4. Kwa masomo yetu hilo si tatizo, maana video ya dakika 10 ya ubora wa 720p ni kama MB 100 tu, wakati mwingine pungufu. Ukitaka kubadilisha mfumo wa flashi, kumbuka kuiformati kunafuta kila kilichomo. Hamisha kumbukumbu za mauzo ya kikundi kwanza. Nasema hivi kwa sababu najua mnazitunza kwenye flashi hiyo hiyo.

Tatu, na hapa ndo watu wengi wanaumia: faili linaonekana, unalibonyeza, TV inakwambia haliwezekani, au picha inakuja bila sauti. Jina la faili kuishia na MP4 au MKV halitoshi. Hilo ni gunia tu, kilichomo ndani ni kitu kingine. Ndani ya gunia picha inaweza kuwa imefungwa kwa njia ya H.264, ambayo karibu kila TV bapa inaifungua, au H.265, ambayo TV za zamani haziijui. Ukipakua, chagua MP4 ya H.264, ubora wa 720p. Ukipewa video na mtu mwingine ikagoma, ibadilishe kwa programu ya bure kama VLC au HandBrake kwenye laptopu.

Deki zenye USB ni wagumu zaidi. Nyingi zilitengenezwa kusoma AVI za zamani na MPEG, MP4 ya leo zinaikataa. Kabla hujaenda kununua kitu kingine, angalia king'amuzi chako. Baadhi ya ving'amuzi vina USB na vinacheza video vizuri, na vinaungana na TV ya chogo kwa waya ule ule wa rangi tatu. Nimeona kikundi kikiangalia somo la kukausha karanga kwa njia hiyo, kifurushi kikiwa kimeisha kitambo. USB haihitaji kifurushi.

Yapange majina ya faili kwa namba: 01 kupogoa, 02 kufunga matawi, 03 magonjwa. TV nyingi zinapanga kwa herufi, na usipoweka namba utajikuta unatafuta somo huku watu 15 wanakutazama.

SIMU NA LAPTOPU

Simu niizungumzie kwa ufupi. Dukani utauziwa kifaa cha kutoka tundu la chaji la Type-C kwenda HDMI. Kinafanya kazi kwa simu zinazotoa picha kupitia tundu hilo tu, na simu nyingi za bei ya chini na ya kati hazitoi. Nenda na simu yako, jaribu pale pale dukani kwenye TV yao, ndipo ulipe. Kama TV yako ni smati, tafuta kwenye simu "Cast", "Screen Mirroring" au "Smart View". Picha ya namna hii inaweza kugandaganda, kwa hiyo kwa somo refu rudi kwenye flashi.

Laptopu ni rahisi: waya wa HDMI, kisha kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague "Duplicate". Sauti ikibaki kwenye laptopu, bonyeza alama ya spika chini kulia uchague TV. Ukitumia VGA ujue haibebi sauti kabisa. Utahitaji waya mwingine wa kutoka tundu la earphone kwenda kwenye spika.

RANGI YA PICHA INAVYOWEZA KUKULISHA HASARA

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kuna kikundi cha vijana wa zabibu, hapa hapa upande wetu, waliniita kwa sababu walikuwa wanabishana. Wamepakua video mbili za magonjwa, moja ya ubwiri unga na nyingine ya ubwiri vinyoya, wakalinganisha na majani kutoka shambani kwao. Nusu wanasema ni ubwiri unga, tununue salfa. Nusu wanasema hapana. Pesa ya dawa ilikuwa tayari mkononi mwa mweka hazina, na kijana wa pikipiki ameshawasha.

Nikaangalia TV. Picha ilikuwa inang'aa kama ya dukani. Majani yote ya kijani kibichi cha kupendeza, na yale madoa ya njano kama mafuta, ambayo ndiyo alama ya mwanzo ya ubwiri vinyoya upande wa juu wa jani, yalikuwa yamemezwa na kijani. Sehemu nyeupe nazo zilikuwa zimeungua kwa mwanga kiasi kwamba ukungu wa upande wa chini wa jani na unga wa upande wa juu vilionekana kitu kimoja.

TV nyingi zinatoka kiwandani au dukani zikiwa kwenye hali ya "Vivid" au "Dynamic". Hali hiyo inakoleza rangi na mwanga ili TV ivutie kwenye duka lenye taa kali. Kwa mpira wala si mbaya. Kwa kusoma ugonjwa kwenye jani ni hatari, kwa sababu ugonjwa mwanzoni ni tofauti ndogo ya rangi, na tofauti hiyo ndiyo inayofutwa.

Ingia kwenye "Menu", kisha "Picture", kisha "Picture Mode", toa Vivid uweke "Standard" au "Movie". Mwanzoni utaona picha imefifia kidogo. Iache dakika 5, macho yatazoea. Tulipofanya hivyo pale, madoa ya njano yakatokea. Tukachukua majani yao, tukayageuza, na vinyoya vyeupe vikawa chini ya madoa hayo hayo. Ubwiri vinyoya. Salfa ni dawa nzuri ya ubwiri unga, lakini kwa ubwiri vinyoya haisaidii. Pale unahitaji dawa za kopa au nyingine zilizosajiliwa kwa ugonjwa huo. Wangepiga salfa, wangesubiri, na ugonjwa ungeendelea kula majani wakati wao wanahesabu siku.

Kuna njia ya kupima TV yako ambayo haihitaji fundi. Chuma jani moja lenye afya na moja lenye madoa. Yapige picha kwa simu kivulini, mchana, bila flashi ya kamera. Hamishia picha kwenye flashi, zifungue kwenye TV, kisha shika majani yenyewe pembeni ya skrini. Punguza "Colour" na "Brightness" kidogo kidogo mpaka jani la kwenye TV lifanane na la mkononi kadiri inavyowezekana. Haliwezi kufanana kabisa, na kamera ya simu nayo ina uongo wake. Lakini ukiona jani la njano mkononi ni la kijani kwenye TV, ujue hiyo TV bado haijawa mwalimu. Na hata ikikaa sawa, TV ikuonyeshe cha kutafuta tu. Uamuzi wa dawa ufanyike shambani, jani likiwa limegeuzwa.

Umbo la picha nalo lina athari. Video ya zamani ya mraba ikitandazwa kwenye TV pana, kila kitu kinanenepa. Umbali kati ya macho ya tawi unaonekana mrefu kuliko ulivyo, na kwenye kupogoa hilo linapotosha. Tafuta "Aspect" au "Zoom" uweke 4:3 au "Auto", ukubali pembeni kubaki peusi. Na kama maandishi ya chini ya video yamekatwa, tafuta "Just Scan" au "Screen Fit". Mara nyingi vipimo vya dawa vimeandikwa hapo chini.

SAUTI

Spika za TV bapa ni dhaifu, na chini ya bati kukiwa na upepo wetu wa Dodoma hausikii kitu. Sabufa inasaidia: waya kutoka tundu la earphone au AUDIO OUT la TV kwenda kwenye sabufa. Ila punguza besi, karibu yote. Maneno ya binadamu hayakai kwenye besi. Vijana mnapenda mdundo, nawaelewa, lakini mama aliyekaa nyuma anatakiwa asikie "mililita 20", asisikie kishindo.

UMEME

Kwa wanaotumia umeme wa TANESCO, nunua kifaa cha kulinda TV dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Kinachelewesha kidogo kabla ya kuruhusu umeme, usikipige wala kukiruka. Kuanzia Desemba mvua zikianza, ukisikia radi chomoa plagi na waya wa antena au dishi pia. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.

Kwa wanaotumia sola, tupige hesabu. Angalia kibandiko cha nyuma ya TV. Tuseme TV ya inchi 32 inakula wati 50, deki 15, sabufa 35. Jumla wati 100. Betri ya volti 12 ya Ah 100 ina Wh 1,200, lakini betri ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo una Wh 600. Inveta nayo inakula sehemu yake, baki na kama 500. Hapo una saa 5. Kama betri ni ya zamani, hesabu saa 3, na somo la magonjwa liwe la kwanza, nyimbo mwishoni. Ukitumia flashi moja kwa moja kwenye TV, deki inatoka kwenye hesabu na unaongeza karibu saa nzima.

Wakati wa somo mtu mmoja ashike rimoti na asiachie. Simamisha picha kila mkato unapofanyika, uliza nani ameona jicho liko wapi, rudisha nyuma, endelea. Video ya dakika 10 ikichukua dakika 40 msishangae. Wiki ijayo tunarudi shambani: jinsi ya kuhesabu macho kwenye tawi la zabibu kabla ya kuushika mkasi.